S.H.Figuarts, Shinkocchou, figma, SHODO au RAH: ulinganisho wa sanamu zenye viungo za mashujaa wa Kijapani

Anayetaka kuanza kukusanya sanamu zenye viungo za Kamen Rider, Ultraman au Super Sentai hukutana kwanza na tatizo la wingi. Shujaa mmoja anaweza kuwa ametengenezwa mara nne au tano na kampuni ileile, kwa vimo tofauti, kwa majina ya mifululizo ambayo hayamwambii mgeni chochote, na kwa bei zinazoanzia yeni mia kadhaa hadi makumi ya maelfu. Picha za matangazo hazimsaidii sana, kwa kuwa mpiga picha hodari huweza kuifanya sanamu yoyote ionekane inaruka. Ulinganisho huu unamkusudia mtu ambaye kwa sasa ana fedha za sanamu moja au mbili, na ambaye angependa kuzishika na kuzibadilisha mikao badala ya kuziacha ndani ya boksi zake. Kwa mtu wa namna hiyo nina kigezo kimoja kinachotangulia vingine vyote: je, sanamu inaweza kufanya tendo ambalo shujaa mwenyewe anajulikana kwalo, ikatulia katika mkao huo bila kuanguka, na bado ikaonekana kuwa ni mwili wa mtu aliyevaa vazi?

Jambo hili la mtu aliyevaa vazi ni la msingi. Ultraman wa Tsuburaya Productions alionekana katika televisheni ya Japani mwaka 1966, Kamen Rider wa Ishinomori Shotaro akafuata mwaka 1971, na Himitsu Sentai Gorenger, kikosi cha kwanza cha Super Sentai, kikaanza mwaka 1975. Katika tamthilia zote hizo shujaa ni mwigizaji halisi aliyefunikwa kuanzia utosini hadi unyayoni, anayelazimika kueleza hasira, uchovu na ushindi kwa mabega, kiuno na shingo tu, kwa sababu uso wake hauonekani. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliwafahamu watu hawa kupitia Power Rangers, kipindi ambacho mwaka 1993 kilichukua mapigano ya Kyoryu Sentai Zyuranger ya mwaka 1992 na kuyaunganisha na waigizaji wa Marekani. Hata pale, anayepigana ndani ya vazi mara nyingi alikuwa mwigizaji wa Kijapani. Kwa hiyo sanamu yenye viungo vingi lakini isiyo na umbo la mwili wa binadamu imekosa nusu ya kazi yake, na ile yenye umbo zuri isiyoweza kujikunja imekosa nusu ya pili.

Ili ulinganisho usielee, nitamtumia Kamen Rider Kabuto kama kipimo. Tamthilia yake ilirushwa kuanzia mwaka 2006 hadi 2007, na yeye ndiye aliyefungua mifululizo miwili mikuu nitakayoijadili. Isitoshe, matendo yake mawili yanapima viungo kwa ukali. La kwanza ni kidole cha shahada kilichonyooshwa mbinguni, mkono ukiwa umeinuka wima huku kifua kimetulia. La pili ni teke lake. Kamen Rider wa kwanza anajulikana kwa teke la kuruka kutoka juu, ilhali Kabuto humpa adui mgongo, husubiri, kisha hugeuka ghafla na kuupeleka mguu hadi usawa wa kichwa, mguu wa pili ukibaki ardhini. Kwa sanamu huo ni mtihani mgumu kuliko kuruka, kwa sababu anayeruka hushikiliwa na stendi, lakini huyu hubeba uzito wake wote juu ya unyayo mmoja.

Tuanze na S.H.Figuarts ya kawaida, ambayo ndiyo mlango wa wengi. Bandai, kampuni ya Kijapani ya vitu vya kuchezea, ilianzisha mfululizo huu mwezi Februari mwaka 2008 kwa sanamu ya Kabuto huyohuyo, na tangu hapo umekuwa mkubwa kiasi kwamba karibu kila Kamen Rider mkuu ana sanamu yake humo, pamoja na mahasimu na wasaidizi wengi. Kimo ni sentimita 14 au 15 hivi. Plastiki ngumu hutumika kwenye kifua na sehemu zinazobeba mzigo, plastiki laini hutumika kwenye sehemu zinazojipinda au zinazoweza kuvunjika, na viungo vyenyewe mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya aina ya tatu iliyo na utelezi, ili isilike haraka. Sanamu za miaka ya mwanzo zilikuwa na kitu ambacho hakipo tena katika nyingi za sasa, yaani nyayo zenye chuma. Chuma hicho kilishusha uzito chini, sanamu ikasimama imara, ingawa rangi iliyopakwa juu yake hubanduka upesi ikigongwa.

Faida kuu ya Figuarts ya kawaida ni upana wa chaguo. Ukimpenda Rider wa pili au wa tatu wa tamthilia fulani, yule ambaye hakuwa shujaa mkuu, huenda hapa ndipo mahali pekee utakapompata katika kimo hiki. Udhaifu wake ni kwamba ubora unategemea mwaka. Sanamu ya mwaka 2009 na ya mwaka 2020 zinaweza kubeba jina moja la mfululizo huku zikiwa zimetengenezwa kwa fikra tofauti kabisa. Zile za zamani zina nyonga sahili, paja hugota kwenye ukingo wa kiuno kabla ya kufika juu, na mabega yana mwendo wa kupanda na kushuka lakini hayasogei mbele vya kutosha ili mikono miwili ikutane juu ya silaha moja. Kabuto ya mwaka 2008 inaweza kusimama vizuri sana, lakini teke lake huishia kiunoni. Ninamshauri anayenunua mtumba katika mfululizo huu aulize kwanza mwaka wa toleo, ndipo aulize bei.

Shinkocchou Seihou ni tawi la S.H.Figuarts lililoanza mwaka 2014, na mara hii pia aliyefungua njia alikuwa Kabuto. Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu tofauti haionekani kwenye orodha ya vifaa, inaonekana mkononi. Utaratibu wa kawaida wa kuchonga sanamu ya shujaa huanza na vazi: unachonga silaha, unachonga kofia, kisha unatafuta mahali pa kukata ili viungo vipite. Wachongaji wa Shinkocchou huanza na mwili wa mwigizaji aliye ndani ya vazi, wakiamua kwanza mifupa iko wapi na goti linakunjia wapi, halafu ndipo wanamvalisha. Matokeo yake ni kwamba viungo viko pale vilipo kwa binadamu. Kiuno kina urefu wa haki, shingo ina nafasi ya kuinama, na mabega hayajapanuliwa kwa ajili ya ushujaa wa karatasi. Kabuto aliigizwa na Takaiwa Seiji, mwigizaji aliyevaa mavazi ya Riders wakuu wengi kuliko mwingine yeyote wa enzi ya Heisei (enzi ya Kijapani ya mwaka 1989 hadi 2019), ilhali Kamen Rider Kuuga wa mwaka 2000 aliigizwa na Tominaga Kenji. Ukiwaweka Kabuto na Kuuga wa Shinkocchou sambamba utawaona ni watu wawili, hata ukifunika kofia zao kwa kidole.

Ishike Kabuto ya Shinkocchou karibu na macho, uangalie sehemu mbili. Ya kwanza ni bega. Kipande cha ngao kinachofunika bega kimeshikizwa peke yake, kwa hiyo mkono unapoinuka nacho hupisha, na kidole kinafika mbinguni bila kipande hicho kusukumwa na kuharibu mstari wa kifua. Ya pili ni pale paja linapoingia kwenye nyonga. Ukilivuta taratibu kuelekea chini linashuka kiasi kidogo sana, ambacho pengine usingekitambua kama hujaambiwa, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayouruhusu mguu kupanda hadi kichwani. Kisha kifundo cha mguu wa chini kinalala upande, unyayo ukabaki wote mezani, na teke likakamilika bila stendi. Nimeona watu waliokuwa wakiuliza kwa nini sanamu ndogo kiasi hiki iuzwe kwa bei hiyo wakinyamaza baada ya kuuweka mkao huo kwa mikono yao wenyewe.

Haina maana kwamba Shinkocchou haina kasoro. Kwa kuwa imefuata mwili wa kweli, baadhi ya sehemu zake ni nyembamba, hususan pembe, ncha za antena na vijiti vya kifundo cha mkono vinavyopokea viganja vya kubadilisha. Kiganja kipya hukaza sana siku za mwanzo, na anayekisukuma kwa nguvu akiwa amekishika kwa vidole huvunja kijiti. Dawa yake ni maji ya moto yasiyochemka: kiloweshe kiganja kwa muda mfupi, plastiki italainika, kisha kitaingia bila kulazimishwa. Kasoro ya pili ni rangi. Wekundu wa Kabuto umepakwa kwa tabaka zenye kung'aa zinazopendeza sana, lakini paja likisugua ukingo wa kiuno mara nyingi linaacha alama, na alama hiyo haiondoki. Kasoro ya tatu ni uhaba wa wahusika, kwa kuwa mchakato ni mrefu, hivyo mashujaa wakuu hupewa kipaumbele na wengine husubiri miaka.

Kuhusu bei, Figuarts za kawaida zilipoanza ziliuzwa kwa kiasi kisichofika yeni 3,000 au kinachozidi hapo kidogo, ilhali leo sanamu mpya ya kawaida na ya Shinkocchou zote zinaangukia mara nyingi kati ya yeni 6,000 na 9,000. Pengo baina yao limepungua mno. Hukumu yangu ni kwamba iwapo shujaa unayemtaka yupo katika Shinkocchou, usinunue toleo lake la kawaida kwa kuokoa yeni chache. Ni afadhali kuwa na Rider mmoja anayeweza kufanya kila kitu kuliko watatu wanaosimama tu. Iwapo hayupo, chukua la kawaida bila kusitasita, ukihakikisha ni la miaka ya karibuni. Pia usikimbilie kulipa bei ya kuruka kwa sanamu iliyokwisha sokoni, kwa maana Bandai hurudia matoleo: mwaka 2018, katika maadhimisho ya Riders 20 wa enzi ya Heisei, sanamu kadhaa za Shinkocchou, Kabuto akiwamo, zilitoka upya katika boksi za maadhimisho, na waliokuwa wamesubiri walizipata kwa bei ya dukani.

Kwa Ultraman hoja inabadilika. Rider amevaa ngao, na ngao huficha mikato ya viungo. Ultraman ana ngozi tupu ya fedha na nyekundu. Vazi lake la mwaka 1966 lilitengenezwa kutokana na mavazi ya wapiga mbizi, likambana mwili mwigizaji Furuya Satoshi, na kila mkato wa kiwiko au goti kwenye sanamu unaonekana wazi kama mshono. Mfululizo wa ULTRA-ACT, ambao Bandai iliuanza mwaka 2010, uliamua kupendelea mwendo: viungo vingi, kimo kirefu kidogo kuliko Figuarts, na mikato ambayo jicho haliwezi kuikwepa. Baadaye Ultraman alihamishiwa S.H.Figuarts, kimo kikapungua kidogo, na wachongaji wakaanza kuifuata mikato kwenye mipaka ya rangi za vazi, ili mstari wa kiungo na mstari wa nyekundu uwe mmoja.

Mtihani wa Ultraman ni mwale wa Specium: mkono wa kulia umesimama wima, wa kushoto umelala mbele yake, viganja vimenyooka, na mwili umeinama mbele kidogo, mgongo ukiwa na ule mpindo ambao Furuya aliufanya kuwa alama yake. ULTRA-ACT huuweka msalaba wa mikono bila tabu, lakini mgongo wake hubaki wima mno. Figuarts inauweka mgongo, na msalaba unakubali ikiwa utavuta bega moja mbele kabla ya jingine. Mimi ningechukua Figuarts, na kwa Ultraman sioni ulazima wa kusubiri toleo la Shinkocchou kama ninavyoona kwa Rider, kwa sababu Figuarts yake ya kawaida tayari imechongwa kwa kuzingatia mwili. ULTRA-ACT ibaki kwa anayemtaka Ultraman fulani ambaye hajatolewa kwingine, na awe tayari kukuta viungo vilivyolegea kwa umri.

Super Sentai wana shida yao wenyewe, nayo ni hesabu. Mmoja peke yake hapendezi. Kikosi ni watu watano au zaidi, na mkao wao mkuu ni ule wa kujitangaza kwa pamoja kabla ya vita. Katika S.H.Figuarts mara nyingi kiongozi mwekundu ameuzwa madukani, kisha wenzake wakauzwa kwa agizo maalumu kupitia duka la mtandaoni la Bandai, ambalo hutengeneza kulingana na maagizo yaliyopokelewa na kufunga orodha siku ikifika. Aliyechelewa hujikuta na mwekundu asiye na wenzake, halafu humtafuta wa njano au wa waridi kwa bei iliyopanda maradufu. Kama huna uhakika wa kuwakamilisha wote, usianze na kimo hiki.

Hapo ndipo familia ya sanamu ndogo inapopata nafasi yake. Bandai ina idara ya vitu vinavyouzwa pamoja na peremende, na kutoka humo zimetoka SHODO za Kamen Rider, zilizoanza mwaka 2015, CHO-DO za Ultraman na YU-DO za Super Sentai. SHODO ina kimo kisichofika sentimita 10, na boksi lake kwa kawaida halizidi yeni 1,000, ilhali viungo vyake vinakaribia idadi ya sanamu zilizo kubwa maradufu. Rangi ndizo zilizopunguzwa, kwa hiyo huenda nyuma ya mguu ikabaki bila kupakwa, na baadhi ya sanamu huja na karatasi za kubandika ambazo mnunuzi hubandika mwenyewe. Mfululizo dada wa SO-DO una jambo linalowachanganya wageni: mwili uko katika boksi moja na ngao katika jingine, na anayenunua boksi moja hupata shujaa asiyekamilika. Soma namba za boksi kwa makini kabla ya kulipa. Kwa anayetaka kikosi kizima mezani, au anayetaka kuwapanga Riders wote wa enzi moja kwenye rafu fupi, sioni chaguo lenye busara zaidi ya hizi ndogo. Teke la Kabuto katika kimo hicho hufika kifuani, si kichwani, na stendi inahitajika. Kwa bei yake ni kazi ya kusifiwa.

figma ya Max Factory, inayouzwa kupitia Good Smile Company, ilianza mwaka huohuo wa 2008, na hutajwa pamoja na Figuarts katika kila mjadala wa sanamu za kimo hiki. Viungo vyake ni laini kuvisogeza, kila sanamu huja na stendi yenye mkono unaojikunja pamoja na mfuko wa plastiki wa kuhifadhia viganja, na huo ni ukarimu ambao wanunuzi wa Figuarts, wanaolipia stendi pembeni, wana haki ya kuuonea wivu. Kwa mashujaa tunaowazungumzia, hata hivyo, figma ina wachache: Riders wa Dragon Knight, tamthilia ya Marekani iliyotokana na Kamen Rider Ryuki, na Gridman, shujaa mwingine wa Tsuburaya, pamoja na Guyver ambaye ni wa jadi hiyohiyo ya vazi la kupigania. Nguvu yake iko kwa wahusika wa katuni za Kijapani. Ukimtaka Gridman au Guyver, itazame kwanza. Ukimtaka Rider au Ultra, haitakufaa.

Figure-rise Standard ni njia nyingine kabisa, kwa kuwa boksi lake halina sanamu bali vipande vilivyo kwenye fremu za plastiki, unavyovikata na kuvipachika mwenyewe bila gundi. Kabuto yumo, Kuuga na Kamen Rider W wamo, na vimo vyao vinalingana kiasi cha kuweza kusimama kando ya Figuarts. Bei ni kama nusu ya Shinkocchou. Anayependa kujua kiungo kinavyofanya kazi atajifunza mengi zaidi jioni moja akiunganisha nyonga ya Kabuto huyu kuliko kwa kusoma maelezo yoyote, na kiungo kikivunjika anajua jinsi ya kukifungua. Lakini atahitaji koleo dogo la kukatia lenye makali, msasa laini wa kuondoa alama za mikato, na subira. Plastiki isiyopakwa rangi ina mng'ao wa bandia, na nyekundu ya Kabuto, ambayo kwenye Shinkocchou ina kina, hapa imekaa bapa isipokuwa mjenzi aipulizie rangi. Kwa kijana mwenye mikono mitulivu na fedha chache ningependekeza hii kabla ya Figuarts ya zamani.

Upande wa pili wa mizani iko Real Action Heroes ya Medicom Toy, inayofupishwa RAH, yenye uwiano wa sehemu moja ya sita ya binadamu, yaani sentimita 30 hivi. Vazi lake limeshonwa kwa kitambaa au ngozi bandia juu ya mwili wenye viungo, kwa hiyo hakuna mkato hata mmoja unaoonekana, na mikunjo ya nguo kwenye goti na kiwiko ni mikunjo ya kweli. Hakuna sanamu ya plastiki inayoweza kushindana nayo kwa kumwonyesha mtu ndani ya vazi. Hata hivyo kitambaa chenyewe hulizuia paja, ngao zilizoshonewa juu yake huvutana, na teke la Kabuto huishia chini ya lile la Shinkocchou. Ngozi bandia pia ina uhai wake: ikiachwa imekunjwa kwa miaka, hasa mahali penye joto, hupasuka na kumenyuka palepale kwenye mkunjo, na haitengenezeki. Bei yake ni mara tatu au zaidi ya Figuarts. Ni sanamu ya kuwekwa wima katika kabati la vioo na kutazamwa, na kwa kazi hiyo inastahili kila yeni. S.I.C. ya Bandai, iliyoanza mwaka 1998 kwa Kikaider, shujaa roboti wa Ishinomori, nayo ni ya kutazamwa, kwa sababu wasanii Takeya Takayuki na Ando Kenji waliwabuni upya mashujaa kwa sura za kutisha zilizo mbali na televisheni. Anayezipenda huzipenda kama kazi za sanaa, na hazipaswi kupimwa kwa mizani ya teke.

Kwa anayeagiza kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, gharama ya sanamu yenyewe ni sehemu tu ya malipo. Ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa ikijumlishwa na usafirishaji na bima, kisha kodi ya ongezeko la thamani hufuata, asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, mbali na tozo nyinginezo. Maana yake ni kwamba usafirishaji wa gharama kubwa unaweza kuongeza pia kodi. RAH moja yenye boksi kubwa inaweza kukugharimu zaidi njiani kuliko Figuarts tatu zilizofungwa pamoja, na SHODO kumi zinaingia katika kifurushi kidogo. Maduka ya Kijapani yanayouza nje, kama AmiAmi, na mawakala wanaonunua kwa niaba ya mteja, huruhusu kukusanya vitu kadhaa kabla ya kuvisafirisha kwa pamoja. Tumia nafasi hiyo.

Mtumba wa Kijapani una sifa njema, nami ninaupendelea kwa sanamu zilizokwisha sokoni. Mandarake, ambayo duka lake la Nakano jijini Tokyo linajulikana na kila mkusanyaji, pamoja na AmiAmi, huandika hali ya bidhaa, na AmiAmi hutoa alama mbili tofauti, moja ya sanamu na nyingine ya boksi. Ukitaka kuchezea, tafuta sanamu yenye alama ya juu katika boksi lililochakaa, maana unapunguziwa bei kwa kitu ambacho hutakitumia. Uliza kama viganja vyote vipo, kwa sababu ndivyo vinavyopotea kwanza na havinunuliki peke yake kwa urahisi. Kwa Kabuto, hakikisha kiganja chenye kidole kilichonyooka kipo, na silaha yake, Kunai Gun, haijakosa kipande.

Feki zipo nyingi, na Shinkocchou ndizo zinazoigwa zaidi. Bei iliyo robo ya kawaida kwa sanamu mpya ni dalili ya kwanza. Ukiwa nayo mkononi, angalia kama nyekundu yake ni ya plastiki tupu badala ya rangi ya tabaka, kama kuna mabaki ya plastiki kwenye mishono ya mapaja, na kama viungo vya pande mbili vina ukazo tofauti, goti moja likikaza na jingine likiyumba. Sanamu ya namna hiyo haitasimama kwa mguu mmoja hata ufanyeje.

Kwa hali ya hewa ya pwani kuna la kuongeza. Jua linalopiga dirishani hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano, na joto la muda mrefu huifanya plastiki laini itoe unyevu unaonata, hasa sanamu ikiwa imefungiwa ndani ya boksi lisilopitisha hewa. Itoe sanamu, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikauke kivulini, na usiiache katika mkao wa mguu mmoja kwa miezi, kwa kuwa kifundo cha mguu kilicholainika kwa joto huinama polepole. Kabla ya kuirudisha kabatini, rudisha mapaja juu kwenye nyonga na ulegeze mabega.